Madume wa Kundi la Tatu

"Na huyu, Papa Léon. Shika tumbo muzuri."

Léon alimlaza panya jike kwenye kiganja, akampapasa tumbo kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayetafuta mfupa ndani ya samaki. Tumbo lilikuwa bapa. Alitikisa kichwa. Jenny, msaidizi wa profesa hapo maabara, akaandika sifuri nyingine kwenye daftari. Majike kumi walikuwa wamewekwa pamoja na madume wa kundi la tatu, na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba.

"Pengine baliogopa," Léon alisema.

"Baliogopa nini? Si weye mwenyewe ulikuwa unacheka, unasema haba njo banaume?"

Kweli, alicheka. Kwa siku sitini yeye ndiye aliyewashika madume hao kila asubuhi, kidole kimoja nyuma ya kila sikio, huku Jenny akipitisha sindano butu kooni. Kundi la kwanza lilipewa maji matupu, la pili maji mepesi ya mzizi mwekundu, la tatu maji mazito. Katika wiki ya tatu madume wa kundi la tatu walianza kutafuna nyavu kwa kuwatamani majike wa chumba cha pili. Léon alifurahi kama aliyeshinda mchezo. Jioni ileile alimwomba mama yake amwongezee kikombe cha pili.

Maana mzizi ule ulikuwa wa nyumbani kwake. Profesa alipotaka kuchunguza dawa ambayo wanaume wa Likasi hunywa ili wapate watoto, Léon alisema anamjua muuzaji. Ni yule ambaye mama yake, Madeleine, alikuwa akinunua kwake kwa miaka minne. Kila jioni Madeleine alikuja na termosi, akamimina, akasimama mbele ya mwanawe mpaka kikombe kikauke. Mtoto hakukuja. Leo saa kumi ukoo ungekaa kuamua kama Laure, mke wa Léon, arudishwe kwao Kapolowe.

Mchana Jenny aliweka tone la mbegu chini ya darubini. "Kuja, angalia. Haba ni ba kundi la kwanza."

Léon aliinama. Aliona umati, vijitu vyenye mikia vikisukumana, vikipishana, hakuna kilichotulia.

Jenny akabadilisha kioo. "Na haba, ba kundi la tatu."

Mwanzoni alidhani kioo ni kitupu. Kisha akaziona mbegu chache, hapa na pale, nyingine vichwa bila mikia, zimelala. Mkia mmoja ulitikisika, ukatikisika tena, ukaacha. Léon alisubiri. Alisubiri mpaka jicho likamtoka machozi.

"Bakiacha kunywa, inarudia?"

"Sijue. Tulibapasula bote, hatubakishe dume hata moya ya kuangalia."

"Na ku mutu?"

"Panya hapana mutu, Papa Léon." Kisha akamtazama usoni, sauti yake ikashuka. "Weye unakunywa?"

Léon alifuta mikono kwenye koti lake, ingawa ilikuwa mikavu. "Uniandikie karatasi, mademoiselle. Na upige kashe ya labo, ule muhuri. Maman anaheshimuaka karatasi."

Jenny alifunga daftari. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na huu ulikuwa utafiti wake wa kwanza. "Nikiandika juu ya mutu, itakuwa bongo, ya kudanganya tu. Uende Lubumbashi bakupime."

"Banakaa leo. Saa kumi."

Hakupata karatasi.

Nyumbani watu wa ukoo walikuwa wameshakaa. Madeleine alikuwa kwenye kiti cha mikono, na Cédrick, kaka mkubwa, karibu na mlango. Laure aliketi chini kwenye mkeka, miguu imekunjwa, kama mgeni ndani ya nyumba aliyoipiga deki asubuhi.

Léon hakungoja kuulizwa. Alieleza juu ya makundi matatu, majike kumi, vichwa bila mikia. Alieleza vizuri, alijishangaa mwenyewe.

Cédrick alicheka mpaka akashika magoti. "Batu ba hii avenue banakuita Papa Panya, minye nilikuwa nabagombeza. Kumbe ni kweli! Sasa bapanya njo banatuamulia neno mu familia?"

"Yaya Cédrick, niliona na macho."

"Uliona mayi ya panya!"

Madeleine hakucheka. "Baba yenu alikunywa huu muzizi," alisema. "Minye nikazala batoto saba. Nilikuzala weye."

"Alikunywa wakati batoto bote balikuwa bamesha kuzaliwa, maman. Alianza akiwa muzee. Ulinielezea weye mwenyewe."

Mama alifungua termosi, akamimina mpaka ukingoni, akakinyoosha kikombe kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa na mikwaruzo myekundu ya kusugua mizizi. "Kunywa, mutoto wangu. Tutasema kisha."

Léon aliiangalia mikono ile. Katika ukoo wao hakuna mtu aliyewahi kukataa kitu kilichotolewa na mama kwa mikono miwili. Aliweka yake nyuma ya mgongo.

"Siwezi, maman."

Kikombe kilibaki hewani kwa muda mrefu. Kisha Madeleine akakiweka sakafuni na kuanza kulia bila sauti, na Cédrick akasimama, cheko limemtoka usoni.

"Munaona?" alisema, kidole kikimwelekea Laure. "Hata dawa ya mama amemukataza. Amemufunga mutu kichwa. Asikale tena hapa. Kesho."

"Hapana yeye! Ni minye!" Léon alipaza sauti. Lakini kadiri alivyopaza, ndivyo walivyotikisa vichwa kwa huruma, kama watu wanaomsikiliza mgonjwa wa homa.

Laure alikuwa ameshainuka kukunja vitenge vyake.

"Miaka ine," alisema walipobaki wawili chumbani. "Nilifunga, niliomba. Balinifukuza pepo mara mbili mbele ya batu." Hakuwa na hasira, alikuwa anahesabu tu. "Na weye ulikuwa unakunywa."

"Sikuyua, Laure. Ubaki na minye."

"Minye nabaki wapi, Léon?"

Asubuhi alimsindikiza. Pikapu ya Kapolowe ilijaa mapema. Laure akapata nafasi pembeni, juu ya magunia ya unga. Ilipoondoka, lori la madini lilikuwa mbele yake barabarani, limelemewa, likienda mwendo wa mtu. Léon akashika ubao wa pikapu na kutembea kando yake. Walipita kituo cha mafuta, walipita nyumba za mwisho. Hawakusemezana. Laure aliweka mkono wake juu ya ubao, karibu na wake, na vumbi jekundu likawaangukia wote wawili. Kule mbele lori lilianza kusogea pembeni kuipisha pikapu, na Léon akarefusha hatua.