Kichwa Hakisikiki Redioni

Bai Velichko aliingia redioni kwa kazi ya kufunga mlango. Si ubawabu. Enzi hizo michezo yote ilirushwa moja kwa moja hewani, na mtu akitoka kwa hasira mchezoni, kijana Velichko alibamiza mlango uliosimama peke yake katikati ya studio, hauna ukuta wala nyumba. Aliubamiza vizuri mpaka wakampandisha cheo akawa nyayo. Kutoka nyayo akawa mvua, kutoka mvua akawa mtayarishaji, na hapo akakwama kwa raha zake, akiutengenezea mji wetu wa Ruse mchezo wa redio kila Jumapili mpaka nywele zikamtoka na sisi wengine tukazaliwa, tukamwita Bai, yaani kaka mkubwa.

Siku hizi nyayo ni mimi, Vihra. Shangazi yangu akiulizwa nafanya kazi gani tangu nimalize sekondari, hujibu, "Anakanyaga unga." Hadanganyi. Unga wa viazi ukiutia kwenye mfuko wa kitambaa na kuuminya, unapata mtu anayetembea kwenye theluji. Karoti ikivunjwa ni mfupa. Glavu za mpira zikipigapigwa ni njiwa. Kabichi sitasema ni nini, maana kuna watu wanaipenda. Mchezo ukiisha, vifaa vya kazi tunavipikia supu.

Bai Velichko ana sheria moja tu, naye huirudia mpaka tunaiota: kichwa hakisikiki redioni. Mwigizaji akiulizwa swali kwenye mchezo, akajibu kwa kichwa mbele ya maikrofoni kama yuko jukwaani, Bai Velichko husimamisha kila kitu.

"Unamtikisia nani, mwanangu? Msikilizaji wako yuko jikoni anachoma pilipili, kakupa mgongo. Sema."

Sasa akaja mkurugenzi mpya, Bi Lesova, mama wa viatu visivyotoa sauti, jambo ambalo peke yake lilimtia Bai Velichko wasiwasi. Akaizunguka Studio ya Kwanza, akautazama mlango usio na ukuta, akautazama mfuko wangu wa unga.

"Hapa nitaweka meza ya wachambuzi wa mpira," akasema. "Na kamera."

"Kamera redioni," akasema Bai Velichko.

"Watu wanapenda kuona, Bai Velichko. Hii michezo yenu nani anaisikiliza?"

"Watu."

"Mbona hawapigi simu?"

Hapo alitugusa penye kidonda. Simu nyeusi ya studio ililia kila Jumapili, lakini aliyepiga alikuwa mmoja tu: Tota, mke wa Bai Velichko, kulalamika kwamba mlango ulikuwa wa msonobari na mwandishi kasema mwaloni.

Bai Velichko akaomba Jumapili moja. Mchezo mmoja, moja kwa moja hewani kama zamani, bila kurekodi kwanza. Bi Lesova akafikiri. "Sawa. Simu ikilia, tutaongea. Isipolia, Jumatatu fundi anakuja kung'oa huo mlango. Na ya mkeo haihesabiwi."

Mchezo aliouchagua ulihusu pipa. Usiku wa kuamkia harusi, pipa la rakia, pombe yetu kali ya matunda, la baba wa bibi harusi linaibwa, naye baba kaapa: hakuna pipa, hakuna harusi. Bibi harusi alikuwa Bi Fidanka, mwenye umri wa bibi yangu na sauti ya msichana wa miaka kumi na minane. Ukifumba macho unamchumbia. Polisi wa kijiji alikuwa Ognyan, kijana mzuri aliyerudi juzi tu baada ya kuishi Vienna tangu utotoni. Na hapo ndipo shughuli ilipoanzia.

Vichwa vyetu, kwa asiyejua, vilifungwa kinyume na vya dunia nzima. Kwetu kutikisa kushoto na kulia ni ndiyo. Kuvipandisha na kuvishusha ni hapana. Ognyan alirudi na kichwa cha Vienna. Siku ya kwanza nilimuuliza kama anataka kahawa, akaitikia kwa kichwa, nikaenda zangu. Alikaa asubuhi nzima akinisubiri, mpaka akaanza kunichukia.

"Wewe kijana," nikamwambia, "Jumapili tuko hewani. Bai Velichko yuko nyuma ya kioo, hawezi kusema nawe, atakupa ishara tu. Badilisha hicho kichwa."

"Nimeelewa, dada. Nitafanya mazoezi."

Akafanya kweli. Wiki nzima nilimkuta chooni mbele ya kioo, akijitikisia na kunong'ona "ndiyo", kama mtu anayejiposa mwenyewe.

Nisichokijua ni kwamba na Bai Velichko, kule nyumbani kwake, alikuwa anafanya mazoezi.

Jumapili saa kumi jioni tukaingia hewani. Bi Lesova alikaa upande wa kioo, kando ya Bai Velichko, mikono kaikunja. Mambo yalikwenda kama siagi. Upepo wangu ulivuma, mbwa wangu alibweka, mlango uliitika kwa mwaloni. Polisi akawahoji padri, mjomba wa bwana harusi na mwanamke wa kinu, mmoja baada ya mwingine, akafika pale penyewe. Akashusha sauti:

"Mwizi wa pipa yumo humu ndani. Na jina lake..."

Akafunua ukurasa.

Sheria ya studio inakataza banitsa, ile chapati yetu ya jibini inayovuja mafuta. Ognyan aliila mlangoni, si ndani, kwa hiyo alijiona mtiifu. Lakini vidole viliingia naye. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kama wapenzi, na alioufikia haukuwa wa mwizi, ulikuwa wa mwisho. Akauinua ukurasa kuelekea kioo, akaunyooshea kidole, akapandisha nyusi: niendelee na huu?

Bai Velichko akaelewa papo hapo. Na kwa kuwa ni mtu muungwana, akakumbuka kwamba huyu ni mtoto wa Vienna, asimchanganye. Akamtikisia kichwa cha Vienna, kushoto na kulia, kwa shingo yote: hapana, hapana, hapana.

Ognyan, mtoto wa Ruse tangu Jumatatu, akaona: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Na sasa," akatangaza kwa kishindo, "kwa kuwa mwizi tumemjua sote, ngoma zipigwe, harusi iendelee!"

Nyuma ya kioo Bai Velichko aliweka paji la uso mezani. Mimi nikagonga vifuniko vya sufuria, ndizo kengele za kanisa, sikuwa na la kufanya. Bi Fidanka, aliyepotezewa ungamo lake zuri kuliko yote, akaanza kulia kilio cha bibi harusi, na aliyemsikia alidhani ni furaha. Bado tulikuwa na muda wa kujaza. Bai Velichko akanyanyua uso na kunionyesha ishara ya kunywa. Tukasherehekea. Niligonganisha glasi mpaka vidole vikaniuma, Ognyan akacheka kwa sauti tano tofauti, na Bi Fidanka akapigana na wifi ambaye mwandishi hakumwandika.

Taa nyekundu ya hewani ikazimika. Bai Velichko na Bi Lesova wakatoka nyuma ya kioo, wakaingia studioni.

Simu ikalia. Bai Velichko akaipokea, akasikiliza, akaiweka chini.

"Nani?" akauliza Bi Lesova.

"Tota. Anasema mlango leo ni mwaloni. Anauliza nani kaiba pipa."

"Haihesabiwi."

Ikalia tena. Mzee mmoja wa mji wa Silistra: pilipili zake zimeungua, na bado hajui nani kaiba pipa. Ikalia tena. Muuguzi, kwa niaba ya wodi nzima. Wagonjwa wamegawanyika, wanaomtuhumu padri wamehamia vitanda vya dirishani. Nikawa napokea mimi, maana Bai Velichko macho yalimjaa maji na alikuwa anajifanya kutafuta miwani. Halafu ikalia simu ya mkononi, ndani ya mkoba wa Bi Lesova.

"Mama, niko kazini," akasema. Akasikiliza muda mrefu. "Sijui, mama. Nimekuwepo hapahapa na sijui." Akaikata, akamgeukia Bai Velichko. "Nani?"

"Jumapili, saa kumi," akasema Bai Velichko. "Kama mlango bado utakuwepo."

Bi Lesova akatazama mlango, akatazama simu nyeusi, ambayo ilikuwa inalia tena. Kisha akatikisa kichwa, kushoto na kulia.

Ognyan, ambaye kichwa cha Vienna kilikuwa kimeshamrudia, akanywea, akainama kuufunga mfuko wangu wa unga. Bi Fidanka akaanza kutabasamu. Mimi nilikumbuka kusikia kwamba Bi Lesova naye alisoma nje, nikabaki katikati.

Bai Velichko akasogeza maikrofoni mpaka mdomoni kwa mkurugenzi.

"Kichwa hakisikiki, Bi Lesova," akasema. "Sema."

"Ndiyo," akasema Bi Lesova. "Na huyo mla banitsa anawe mikono."