Mmiliki wa Jaketiziwa

Antoni hakuwahi kushika sindano maishani mwake. Aliyoijua ni ile ya kuchomwa hospitali, na hata hiyo alilia. Lakini ukoo wao, wa mzee Kashindye, ulikuwa na utaratibu wake: panapoandikwa kitu, huandikwa jina la mkubwa. Kiwanja, ng'ombe, hata kadi ya mchango wa harusi. Basi siku mdogo wake Sabina alipokwenda Mirongo kusajili jina la tovuti ya karakana yake ya majaketi okozi, Antoni alifuatana naye, amevaa koti kama anayekwenda kuposa.

Jina lenyewe Sabina alikuwa amelichagua peke yake. Ukoo ulitaka Antoni na Nduguze Uokoaji Majini Kanda ya Ziwa. Nani angeandika yote hayo kwenye simu, mkono mmoja umeshika kasia? Yeye akachagua jaketiziwa.co.tz. Mvuvi akilisikia mara moja, analo.

"Mmiliki niandike nani?" aliuliza Makame, fundi wa usajili.

Antoni akakohoa.

"Majaketi anashona nani?" Makame akauliza tena.

"Mimi," alisema Sabina.

"Basi mama, jiandike mwenyewe. Atakayeandikwa hapa ndiye mwenye jina, na barua pepe zote zitamwendea yeye."

"Sabina ana kaka," alisema Antoni.

Sabina akainamisha kichwa. "Mwandike kaka."

Heshima hiyo! Mtu mzima, mwenye vyerehani vinne pale Igoma, anampa mwingine ufunguo wa duka lake kwa sababu tu alitangulia kuzaliwa.

Miaka mitatu jina lilikaa kifuani mwa kila jaketi, na wenye mitumbwi waliagiza kwenye tovuti kutoka Kamanga hadi visiwani. Kisha oda zikakatika ghafla. Sabina alidhani ni msimu, mpaka Shimba, mwenye mitumbwi wa Kamanga, alipoingia karakanani na jaketi linalochuruzika maji.

"Mama, na wewe umeanza kutuua?"

Lilikuwa jipya, limeandikwa Jaketiziwa. Shimba alikuwa ameliagiza kwenye tovuti ileile, kama siku zote. Mvuvi wake alianguka ziwani akiwa amelivaa, likamvuta chini, wenzake wakamwahi kwa kumshika nywele. Sabina akalipasua kwa mkasi. Ndani mlikuwa na sponji la godoro, limekunywa maji likashiba.

Sabina alipomwendea kumuuliza, Antoni hakuona haya hata kidogo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemwomba amkodishie jina, akampa pikipiki nyekundu, na fundi wa huyo bwana akaishika simu ya Antoni, akaielekeza tovuti kwenye bidhaa zao.

"Jina ni langu," alisema. "Limeandikwa."

Sabina alikasirika, na nusu ya hasira hiyo ilimwelekea yeye mwenyewe. Jina alilolitafuta kwa kukosa usingizi sasa lilikuwa linazamisha watu. Akampigia simu Makame. Bila ridhaa ya mmiliki, alisema Makame, hakuna kinachohama. Angetuma ombi la kuhamisha jina kwenye barua pepe ya Antoni, naye akubali.

"Litume leo," Sabina alisema.

Kesho yake akamwambia kaka yake kwamba wenye mitumbwi wanataka kumwona mmiliki wa Jaketiziwa. Antoni kwa kupenda kutambulishwa! Asubuhi iliyofuata alivuka hadi Kamanga kwa kivuko cha kwanza. Wateja kumi walimsubiri ufukweni pamoja na Sabina.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Sabina akamkabidhi jaketi la sponji. "Wateja wako wanaomba mwenye jina alivae, aingie kwenye kina kirefu, wamwone akielea."

Antoni alicheka. Akatazama huku na huku amtafute wa kucheka naye, akamkosa.

"Mimi sijui kuogelea."

"Hata mvuvi wangu hajui," alisema Shimba.

Antoni akalitazama jaketi, akayatazama maji. Akalirudisha.

"Basi leteni karatasi, nisaini jina liende kwa Sabina."

"Hakuna karatasi," Sabina alisema. "Ni ujumbe kwenye barua pepe yako. Ufungue, ukubali."

Antoni akatoa simu. Akaipapasa, akaigeuza, akafungua picha za pikipiki, akafunga. Miaka mitatu ya umiliki, na hakuwahi kusoma ujumbe hata mmoja. Mwishowe akamnyooshea mdogo wake simu, mbele ya wateja wote.

"Nibonyeze wapi, Sabina?"