Waume Watatu wa Kokugonza

Kabla hajawa daktari, Anatory Ndyamukama alikuwa karani wa baraza huko Karagwe. Kwa miaka sita aliandika maneno ya mashahidi, na mwaka wa sita akaandika hukumu ya mzee mmoja aliyefungwa kwa kumlisha shemeji yake sumu. Ushahidi mkubwa ulikuwa kwamba maiti ilivimba. Siku ile ile Anatory alimwuliza mganga wa zahanati kama kuna maiti zisizovimba.

Mganga akacheka. "Zote huvimba, karani. Hata yako itavimba."

Mzee alikuwa amekwisha kupelekwa gerezani, na huko alikufa.

Hilo ndilo lililompeleka Anatory Makerere kusomea udaktari, na baadaye ng'ambo, ambako mchana alijifunza kuchunguza maiti na jioni akasoma sheria. Aliporudi, serikali ikampa kazi ya kuchunguza vifo vyenye mashaka kuanzia Bukoba mpaka mpakani. Watu hawakujua wamwiteje, wakamwita Daktari wa Makaburi. Akina mama wakimwona njiani waliwaita watoto wao ndani.

Aprili 1955 aliitwa kijijini Kamuli. Mwanamke mmoja, Kokugonza, alikuwa mahabusu kwa kesi ya kumwua mumewe Kaijage, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Muleba. Kaijage alikuwa mume wa tatu. Methodius na Placidius waliomtangulia walitoka mbali vilevile, wakahamia kwake kwa sababu Kokugonza alikuwa mtoto pekee, na baba yake alimrithisha kibanja chenye migomba na kahawa kwa sharti asikihame. Wote watatu walifia katika nyumba ile moja, tena kwa namna moja.

Rwegoshora, mdogo wake Kaijage, alimsubiri daktari kando ya kaburi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Nieleze ulichokiona."

"Kaka yangu aliugua homa siku nne, akapona. Wiki nzima alitembea, alicheka. Mwanamke akampikia ndizi, jioni ile ile akaanguka tena. Akapona tena. Akapikiwa tena. Mara ya tatu hakuamka. Unatafuta nini kaburini? Sumu iko jikoni kwake."

Hakuna mwanakijiji aliyekubali kuchimba. Askari Cassian ndiye aliyeshika jembe, na watu walisimama mbali, kila mmoja akiangalia kivuli chake kisianguke shimoni. Sheria ilitaka maiti itambuliwe, kwa hiyo Kokugonza aliletwa akiwa na pingu. Nguo ya gome la mti ilipofunuliwa usoni hakulia. Alipiga magoti, akainama kama anayemwamsha mtu aliyelala.

"Kaijage, usiogope," alisema. "Ni daktari tu."

Jembe lilimtoka Cassian mikononi.

Daktari alichukua vipande vya ini na tumbo, akavitia katika chupa, akazifunga kwa nta na kumwekesha askari sahihi. Kisha mvua ikaja ghafla, wakakimbilia kwenye nyumba ya marehemu.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya udongo, nzito, yenye giza hata mchana. Hapakuwa na kuku wala mbuzi ndani.

"Wanakataa kulala humu," Kokugonza alisema. "Ukiwafungia wanapiga kelele mpaka kunapokucha."

Daktari alipiga magoti kando ya kitanda, akachokonoa ufa wa sakafu kwa kisu. Zikatoka punje za kijivu, kama buni iliyokauka. Hazikutikisika. Kisha moja ikanyoosha miguu.

"Papasi," alisema. "Wanakuuma?"

"Tangu nikiwa mtoto. Niliugua mara moja, nikapona. Hapa watoto wote huugua, daktari. Ni papasi wa nyumbani."

Hapo moyo wa daktari ulishtuka. Homa ya papasi humwacha mtu akadhani amepona, kisha humrudia, mara mbili, mara tatu. Aliyeugua utotoni hupata kinga. Mgeni hana.

Lakini akili yake ya sheria haikumruhusu kufurahi. Papasi wako kila mahali; nani ataapa kwamba hawa wana ugonjwa? Barabara ya Omurushaka ilikuwa imekwisha kugeuka tope. Cassian alimpeleka Kokugonza kwa mkuu wa kijiji, naye daktari akatandika koti lake kwenye kitanda cha Kaijage, akalala. Asubuhi alihesabu alama kumi na moja mikononi.

Siku ya tisa, akiwa Nyakahanga kwenye hospitali ya misheni, homa ilimwangusha. Muuguzi Renatha alimlaza karibu na dirisha. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na wagonjwa wa nje walisikika wakiongea barazani. Daktari aligeuza kichwa, akamwona bibi kizee ameketi sakafuni karibu na miguu yake, amempa mgongo, anamenya ndizi. Maganda yalianguka, lakini ndizi hazikupungua. Kisu kilikwaruza, kikakwaruza.

"Renatha," alisema, "mwambie bibi aache kumenya. Zinatosha."

"Bibi yupi, daktari?"

Bibi aliacha kumenya. Alianza kugeuka taratibu, naye daktari akafumba macho kwa nguvu.

Homa ilipopungua kidogo aliagiza atolewe damu, akajikongoja mpaka kwenye hadubini. Aliviona vijidudu vya homa ya papasi: nyuzi nyembamba zikijinyonga katika damu yake mwenyewe. Alimwita Renatha naye aone, aandike saa na tarehe. Baada ya hapo ndipo alipokubali kuchomwa sindano.

Kesi ilisikilizwa Bukoba mwezi wa Agosti. Mkemia wa serikali aliandika kwamba hakuona sumu yoyote anayoijua, ila miti ya porini ina sumu nyingi asizozijua. Rwegoshora akapanda kizimbani kusimulia. Daktari alikuwa amesoma maelezo yake ya polisi mara tatu, akayajua neno kwa neno. Mwishoni Rwegoshora alisita, akaongeza jambo ambalo halikuwa katika karatasi.

"Kila homa ilipopanda, kaka alitusihi tumwondoe bibi aliyekuwa sakafuni. Alisema anamenya ndizi zisizokwisha. Siku ya mwisho alituambia, 'Sasa amegeuka.'"

Renatha, aliyeitwa kutoa ushahidi juu ya damu, alimshika daktari mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Zamu ya daktari ilipofika, alieleza juu ya papasi na damu yake. Wakili wa serikali alisimama.

"Unaapa kwamba Kaijage alikufa kwa homa hiyo?"

"Siwezi kuapa. Maiti ilikuwa imeoza mno."

"Basi je, hakufa kwa sumu?"

"Hilo pia siwezi kuapa. Ninaapa kwamba nyumba ile ina ugonjwa unaoua wageni, na kwamba huwaangusha kama alivyoanguka yeye."

Juu ya bibi hakuulizwa, naye hakusema.

Kwa kuwa shaka lilikuwepo, hakimu alimwachia Kokugonza. Nje ya mahakama mwanamke alimfuata daktari chini ya mti wa mvinje.

"Waitu, bwana wangu, wameniachia. Lakini hawakusema kwamba sikumwua."

"Sheria haisemi hivyo, mama."

"Basi sema wewe."

"Hukumpa sumu. Hilo ninaliamini, ingawa sikuweza kuliapia."

Kokugonza aliyatafakari, na uso wake ukabadilika. "Lakini mimi ndiye niliyewaita. Placidius alitaka tuhamie Omurushaka, nikakataa kwa ajili ya neno la baba. Niliwatandikia kwa mikono yangu."

"Hukujua."

"Sikujua," alisema. Kisha akauliza polepole, "Na bibi yule? Methodius naye alimtaja. Mimi sijamwona hata siku moja."

"Homa huleta mambo mengi," daktari alijibu, na sauti yake mwenyewe haikumridhisha.

Wiki iliyofuata alikwenda Kamuli na amri ya kuichoma nyumba, na kitu chochote kisitolewe ndani. Kokugonza aliomba kigoda cha baba yake. Daktari alikataa. Kokugonza hakubishana. Alichukua kijinga cha moto kutoka mkononi mwa Cassian, akakitia mwenyewe kwenye nyasi za paa, kisha akaketi juu ya jiwe kando ya kahawa mpaka kuta zilipoanguka. Rwegoshora alikuja akiwa amechelewa, akasimama nyuma yake kwa muda mrefu. Jua lilipopanda Rwegoshora aliinama, akamwinua Kokugonza kwa mkono, wakashuka pamoja kuelekea barabarani.

Daktari aliandika katika taarifa yake: papasi, nyumba imeteketezwa. Akaweka sahihi.