Fundi Baridi na Bakuli la Ndizi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza majokofu ya watu, na miaka yote hiyo aliwafokea wateja kwa kosa lile lile: kufunguafungua mlango. Alikuwa amechapisha hata vibandiko vyekundu, USIFUNGUE OVYO, na alivibandika kwenye kila jokofu alilolishika, mteja apende asipende.

Safari hii jokofu lilikuwa lake mwenyewe, na aliyesubiriwa alikuwa binti yake.

Binti huyo aliacha kula nyama, maziwa, mayai na chochote kitokacho kwa mnyama. Mara ya mwisho alipokuja, baba yake alimtania mezani mbele ya wajomba zake: "Mleteeni majani, sikujua kama nimezaa mbuzi." Watu wakaangua kicheko. Binti akainuka, akaaga kwa adabu zote, akaondoka bila kutia kitu mdomoni. Ikawa miezi minne anampigia simu mama yake tu. Fundi alijifanya hajali, ila simu ya mkewe ikiita alikuwa wa kwanza kupunguza redio.

Basi aliposikia binti anakuja saa kumi jioni, aliapa kwamba leo mtoto atakula kwake, tena kitu alichokiandaa baba kwa mikono yake. Tangu jana alikuwa amekata ndizi mbivu na embe na kuvigandisha. Asubuhi akavisaga kwenye blenda, akakamulia limau, kisha akanyoosha mkono kuchukua asali.

"Asali inatoka wapi?" mkewe akamuuliza.

"Dukani."

"Na kabla ya dukani?"

Fundi akairudisha kabatini, akatia tende mbili.

Rojo lile la manjano likaingia kwenye bakuli, na bakuli likaingia kwenye jokofu. Kilichobaki kilikuwa kusubiri ligande liwe aiskrimu, kazi isiyohitaji ufundi wowote, na labda ndiyo maana ilimshinda fundi. Kwanza alifungua aweke kipimajoto. Akafungua akisome. Akafungua apapase raba ya mlango, halafu akafungua kuhakikisha kwamba alikuwa amefunga.

"Baba watoto, liache hilo friji!"

"Mimi sifungui. Mimi nakagua."

Alikagua mara kumi na saba. Mkewe alihesabu.

Saa kumi binti akabisha hodi. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Fundi akakimbilia jikoni, akarudi na bakuli amelishika kwa mikono miwili, akaliinamisha juu ya sahani. Ikamwagika juisi. Fundi mzima, aliyegandisha nyama za mabucha yote ya mtaa, alikuwa ameshindwa na ndizi.

"Nilitaka ule," akasema. "Siku ile nilikukosea. Nilitaka watu wacheke, nikakufanya wewe kichekesho. Naona aibu mpaka leo."

Binti akaitazama ile juisi sahanini. "Umelifungua mara ngapi, baba?"

"Kumi na saba," mama akajibu kutoka jikoni.

Binti akainuka. Fundi alimwona akienda mlangoni, kama siku ile, akajua anaondoka tena. Lakini pale mlangoni ndipo ulipokuwa mkoba wa kazi wa baba yake. Binti akaupekua, akatoa kibandiko kimoja chekundu. Akaimimina juisi tena bakulini, akalirudisha bakuli kwenye jokofu, akafunga, akabandika kile kibandiko juu ya mlango na kukisugua kwa kiganja hadi kikashika.

"Hutakula?" akauliza Fundi kinyonge, akiwa amemfuata hadi jikoni.

"Nitakula. Likiganda."

Akavuta kiti, akakaa kati ya baba yake na jokofu, akavua viatu kama mtu asiye na haraka. Fundi naye akakaa, na kwa kuwa alikuwa anajijua, akaikalia mikono yake yote miwili.