Adhabu Isiyomwaga Damu

Mdogo wangu Bujiku ni profesa wa sheria ya jinai huko Dar es Salaam. Mwaka ule wa 1984 alikuja kijijini kwetu, nje kidogo ya Samuye, kufanya utafiti, akafikia kwa Mabula. Si kwangu. Mimi dada yake wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni, nyumba yangu ipo pale pale kando ya njia, akaipita na Landrova ya chuo bila hata kupunguza mwendo. Halafu mnaniuliza kwa nini nina hasira?

Mabula ndiye aliyekuwa mtemi wa sungusungu kijijini, wale walinzi wa jadi wanaosaka wezi wa ng'ombe, na sungusungu ndio waliotutenga, mimi na mume wangu Jilala. Kosa letu nini? Walipoamua kwamba jirani yetu Mama Klara ni mchawi kwa kuwa ana macho mekundu, tuliwaambia waache upuuzi. Kwa moshi huu wa kinyesi cha ng'ombe tunachopikia miaka yote, bibi gani macho yake ni meupe? Basi, ikawa nongwa. Ikatangazwa mkutanoni: hakuna kutusalimia, hakuna kutugawia moto, hakuna kuchota maji nasi, hakuna kuja kwenye ugonjwa wetu wala msiba wetu. Atakayevunja amri, naye anatengwa.

Na huyu profesa wangu alikuwa ameandika kitabu kizima cha kuwasifu! Aliwasomea mwenyewe mkutanoni, wakampigia makofi: wizi wa ng'ombe umekwisha bila polisi hata mmoja, na kutengwa ni adhabu isiyomwaga damu. Nilimsikia nikiwa nimesimama mbali. Siku moja alinikuta peke yangu njia ya kisimani, akatoa kichwa kwenye dirisha la Landrova. Eti nivumilie, mtafiti hana upande, na akionekana kwangu hakuna atakayezungumza naye tena. Hana upande! Na mbuzi wa Mabula anamla kama nani?

Jilala alikuwa mgonjwa wa homa tangu mavuno. Alifariki alfajiri ya Jumamosi. Nilipiga yowe. Kwetu yowe la msiba halirudiwi, watu wanakuja wenyewe na majembe mabegani. Mimi nilipiga mpaka sauti ikakauka. Akaja Mama Klara peke yake, na kijembe chenye mpini uliopasuka, kikongwe wa watu ambaye hata ndoo ya maji inamshinda.

Nikaenda kwa Mabula. Nilimkuta Bujiku amekaa kwenye kigoda uani, kinasa sauti mbele yake, wazee wanamsimulia. Waliponiona wakaangalia pembeni wote.

"Bujiku, shemeji yako amekufa," nilisema. "Njoo uchimbe kaburi."

Akainuka, akamgeukia Mabula. "Mtemi, huu ni msiba. Mwachieni kwa leo tu."

Mabula hakukasirika. Alijibu kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionitibua nyongo. "Profesa, wewe ndiwe uliyetusomea kwamba adhabu hii ina nguvu kwa kuwa haina upendeleo. Nikimwachia dada yako, kesho nitamwambia nini mwingine? Nenda kachimbe, hakuna atakayekuzuia. Ila amri unaijua."

Bujiku akanivuta kando. Eti tumpeleke Jilala Shinyanga mjini, Landrova ipo, kule makaburini kuna vibarua. Loo! Mwanamume mwenye kaya yake, baba yake amelala pale pale nyuma ya zizi, akazikwe na vibarua kama mtu aliyeokotwa barabarani!

"Huna haya wewe," nilimwambia mbele yao wote. "Jilala ndiye aliyekuwa akikupakia kwenye baiskeli kukupeleka shule, mvua na jua. Kaa na kinasa sauti chako. Nitachimba mwenyewe, na jembe likivunjika nitachimba kwa kucha. Potelea mbali!"

Shimo lilikuwa limetufika magotini nilipoona viatu vya mjini ukingoni. Bujiku alivivua, akavua na koti, akaingia. Sikumshukuru. Alichimba mpaka viganja vikachubuka. Jilala wangu tulimzika sisi watatu, na sala niliisema mwenyewe.

Jioni tulikuwa tunakung'uta udongo kwenye majembe, Mabula akapita na wazee wake. Bujiku akajifuta mkono kwenye suruali, akaunyosha.

"Mwadila, Mtemi!" alimsalimia kwa Kisukuma chetu.

Mabula akapita. Bujiku akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee wa mwisho, yule ambaye asubuhi alikuwa akimwita mwanangu, akahamia ng'ambo ya pili ya njia.

Bujiku akabaki pale, mkono bado umenyooka. "Dada, hawaniitikii," akaniambia. "Dada, wamepita kana kwamba sipo."

Mimi nilikuwa sipo tangu mwaka uliopita, na yeye alikuwa miongoni mwa waliokuwa hawanioni. Machozi yakamtoka, akaniegemea begani, anataka nimbembeleze. Nikamsukuma. Mfiwa siku ile nilikuwa mimi.