Baraza Lisilowahi Kushindwa

Asnath aliandika madai yake ya talaka kurasa tatu nzima, akayapeleka stationari moja pale Gungu yaingizwe kwenye mfumo wa mahakama, maana siku hizo kesi haikupokelewa tena dirishani. Binti wa stationari akabofya, akabofya tena, akatikisa kichwa.

"Mama, barua ya mchungaji uliyoambatisha imekataliwa. Sasa wanataka fomu ya Baraza la Usuluhishi la kata yako, iseme baraza limeshindwa kuwapatanisha."

Asnath alicheka mpaka akatafuta stuli. Mwenyekiti wa baraza hilo alikuwa Eliakimu, na Eliakimu ndiye mume mwenyewe anayeachwa. Miaka tisa kwenye kiti, hajawahi kusaini fomu ya kushindwa hata moja, na alijisifia hilo kanisani, msibani, hata kwa kinyozi. Ukweli ni kwamba wengi walipatana ili tu anyamaze, wakapike.

Jumatano mke na mume wakafika barazani kwa bodaboda mbili tofauti. Wajumbe wengine walikuwa wawili tu, Mama Rozalia na Mzee Pastory, na bila watu watatu kikao hakifanyiki. Kwa hiyo mwenyekiti akabaki kitini.

"Mlalamikiwa yupo?" akauliza Eliakimu. Akavua miwani, akazunguka meza, akaketi kwenye benchi kando ya mkewe. "Nipo, mheshimiwa." Akarudi kitini, akavaa miwani, akaandika kwamba yupo.

Mama Rozalia alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. "Baba Clinton, si ujibu ukiwa hapo hapo?"

"Utaratibu ni utaratibu. Mlalamikaji aseme, na asikatizwe na mtu yeyote." Akalikazia macho benchi alikotoka. "Mlalamikiwa akiwemo."

Basi Asnath akasema. Kwamba bwana huyu husikiliza ndoa za kata nzima, akifika nyumbani masikio yameshafunga ofisi. Paa la jiko limevuja masika mawili, jibu lake "mm". Mtoto wao Clinton kahamishiwa kazi Tabora, "mm". Eliakimu aliandika kila neno, kwa ule mwandiko wake wa kujivunia. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza mkewe kumaliza sentensi tano mfululizo mbele yake. Asnath akaingiwa na woga, maana hakuzoea kusikilizwa.

"Na mwaka juzi," akasema, sauti imeshuka, "nilimwambia kwamba daktari ameona uvimbe tumboni mwangu. Akaniambia nimsogezee chumvi. Nikaenda kupasuliwa peke yangu, nikalazwa siku nane. Yeye alidhani niko Bangwe kwa dada."

Kalamu ikasimama. Hata Mama Rozalia akashusha kitenge.

"Mlalamikiwa anajibu nini?" akauliza Mzee Pastory, maana mwenyekiti hakuuliza.

Eliakimu alizunguka meza polepole, safari hii akasahau kuvua miwani. Akaketi benchini. Akafungua mdomo, mtu huyu ambaye hajawahi kukosa la kusema hata kwenye harusi za watu asiowajua.

"Sina jibu," akasema.

Akarudi kitini, akavuta fomu, akaandika kwamba baraza limeshindwa. Akasaini. Akagonga muhuri. Asnath akaipokea. Alikuwa amejiandaa kufurahi, lakini alisikia uchungu tu, na huruma kidogo iliyomkasirisha.

"Ule uvimbe," Eliakimu akasema. "Ulipona?"

"Anauliza mwenyekiti?"

"Nauliza mimi, Mama Clinton."

Asnath akaikunja fomu, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

"Nilipona," akasema. "Asante kwa kuuliza." Akatoka nje kutafuta bodaboda ya kwenda Gungu.