Wimbo Ulioshushwa Kimyakimya

Walimwita Kivuli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumfuata mwimbaji kwa piano kokote aendako. Mwimbaji akiruka ubeti, Kivuli naye keshauruka. Akisahau maneno, Kivuli anazunguka palepale kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni, mpaka maneno yarudi. Wanasema kuna bwana mmoja alizimia katikati ya wimbo, Kivuli akampigia polepole hadi akazinduka na kumalizia, na watu wakatoka wakisifu ule utulivu wa katikati. Aliyekuwepo siku hiyo hajapatikana mpaka leo, lakini habari ndiyo hiyo.

Mwimbaji wake mkuu alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyemlea kwa koo lake. Aliimba kwenye kumbi za muziki, mama yao akiwa mgonjwa nyumbani, mdogo wake akala, akavaa, akafundishwa piano. Miaka ikapita, sauti ya dada ikaanza kuchoka. Ikifika juu inakwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Kivuli hakumwambia. Alihamisha vidole hatua moja kushoto, wimbo mzima ukashuka kidogo, dada akaufikia bila jasho. Baada ya muda akahama tena. Na tena.

"Wenzangu wote wamekwisha," dada alikuwa akijigamba jikoni. "Mimi koo langu ni lilelile la usichana."

"Lilelile, Dada," Kivuli anajibu, macho kwenye sahani.

Basi ukumbi mkubwa ukamwita dada aimbe ule wimbo uliompa jina, safari hii na bendi nzima ya fidla, watu wanaopiga kama ilivyoandikwa. Kivuli angekaa pembeni na piano, kujazia tu. Kila asubuhi alifungua kinywa amwambie, akaishia kuomba chai.

Mazoezini fidla zilianza. Dada akapanda na wimbo, akafika pale juu, kisitoke kitu ila upepo. Wakarudia. Upepo.

"Fidla zenu ziko juu mno," alisema akicheka. "Kivuli, hebu wape sauti yetu."

Kivuli aliinua mikono. Angeweza kugonga ile ya kweli, ya juu kama ilivyoandikwa, dada aaibike peke yake. Lakini vidole vilijiendea vilikozoea.

Kiongozi wa bendi, kijana mpole, akakunja uso. "Mama, hiyo iko chini sana. Wimbo huu hauanzii hapo."

Dada akageuka taratibu. "Kivuli."

Kivuli aliondoa mikono kwenye piano.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika mama."

Hakulia wala hakugomba. Aliokota mkoba wake kitini. "Mtafute mwingine, mwanangu," alimwambia kiongozi. "Kumbe mimi nilikuwa nabebwa mgongoni."

"Tunaweza kuushusha, mama. Tutauandika upya."

"Nimeshashushwa vya kutosha."

Walirudi kwa miguu, yeye mbele, ndugu yake nyuma.

"Na yale makofi?" aliuliza bila kugeuka.

"Yalikuwa ya kweli, Dada."

"Nitajuaje?"

Kivuli alinyoosha mkono amchukulie mkoba; dada akauhamishia upande wa pili.

"Na lile gauni la bluu uliloniambia linanipendeza?"

"Lilikupendeza."

"Mh."

Jioni dada alipika, maana tumbo halijui msiba. Kivuli akaonja mchuzi, akasema umekolea. Na ulikuwa umekolea kweli, Mungu ni shahidi. Dada akamtazama kama anavyotazamwa mwenye upara anayeuza dawa ya kuotesha nywele. Akachota mwenyewe, akaonja. Akasita. Akaonja tena. Kisha akabaki amesimama mbele ya moto, kijiko mkononi, hajui auongeze chumvi au auache hivyo hivyo, maana hata ulimi wake mwenyewe sasa hakuuamini.